Ukurasa wa Mkimbiaji wa Mbalibali

Theodora Limbu ana duka la kutoa kopi pale Nyangoto, kwenye barabara inayopanda kuelekea machimboni. Kuta ni za bati, na kila lori la mawe linapopita bati zinalia na maji kwenye chupa yake yanatetemeka. Anachapa barua za maombi ya kazi, anatoa kopi za vyeti, anapiga picha za pasipoti mbele ya kitambaa cha bluu. Nyuma ya mlango, kwenye msumari wa juu karibu na paa, ameitundika kofia ngumu ya mchimbaji yenye taa mbele. Vumbi lililoikalia ni la miaka.

Nilifika kwake nikitokea Kisumu kupitia Sirari, nikitaka kuchapa kurasa chache. Umeme ukakatika kazi ikiwa katikati. Tukakaa kusubiri. Mbuzi akaingia, Theodora akamfukuza kwa Kisukuma, nami nikajibu kwa niaba ya mbuzi kwa lugha hiyohiyo.

"Haa! Na wewe ni mtu wa wapi, unayejua matusi ya kwetu?"

"Nilikaa Maswa kidogo."

"Hicho kidogo umekitumia vibaya. Wenzako wakikaa Maswa wanajifunza kulima pamba."

Hivyo ndivyo nilivyomjua. Alizaliwa upande wa Bariadi. Alikuja Nyangoto akimfuata mume wake, Mayunga, naye Mayunga alikuja akiifuata dhahabu. Baadaye ikasikika kwamba kuna rashi mpya, machimbo yanayokimbiliwa na watu, mbali huko kusini, dhahabu inaokotwa juujuu. Mayunga akabeba begi dogo, akaacha kofia, akisema huko watampa nyingine. Simu yake iliita kwa muda, kisha ikaacha kuita. Watu wakimuuliza Theodora habari za mume wake, husema, "Yuko safari." Siku hizi hakuna anayeuliza safari ya wapi.

Ana kazi nyingine ambayo majirani hawaijui, au wakiijua hawaielewi. Kwenye mtandao kuna ensaiklopidia ya Kiswahili ambayo yeyote anaweza kuandika, na kwa kuwa yeyote anaweza, lazima wawepo wachache wa kusafisha. Theodora ni mmoja wao. Wanaitwa wakabidhi. Wana uwezo wa kufuta ukurasa ukatoweka mbele ya macho ya watu. Hakuna mshahara. Alianza kwa kusahihisha makala iliyouweka mji wa Bariadi mahali usipokuwapo, akashindwa kuacha. Mchana, wateja wakipungua, huwafuta vijana wanaojiandika kuwa wanamuziki maarufu na wachungaji wanaojiandika kuwa wamefufua watu.

"Hao wa kufufua nawafuta bila kusoma mara mbili," aliniambia umeme uliporudi. "Lakini kuna mmoja amenishinda. Njoo uone."

Ukurasa ulikuwa mfupi. Godwin Mogesi, mwanariadha wa Mbalibali, wilaya ya Serengeti. Alikimbia mita elfu kumi kwa niaba ya chuo chake cha ualimu, akawa wa pili katika mashindano ya vyuo vya kanda. Mwaka 2022 alioa. Mwaka 2024 alipata mtoto wa kiume, Mogesi. Anaishi Mbalibali na familia yake, na bado hukimbia kila jioni.

"Ni mwanafunzi tu wa chuo," nikasema. "Shida iko wapi?"

Akafungua dirisha jingine. Habari ya gazeti ya mwaka 2021: duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, limetitia na kuua watu, miongoni mwao mwanachuo aliyekuwa likizo akitafuta ada, Godwin Mogesi, mkimbiaji. Gazeti la pili likasema hivyo hivyo. La tatu lilikuwa na picha ya jeneza likiingizwa kwenye gari.

Nikarudi kwenye ukurasa, nikasoma tena. Alioa 2022. Mtoto 2024. Bado hukimbia kila jioni.

"Na picha hii," Theodora alisema. Ilikuwa picha pekee kwenye ukurasa. Kijana mrefu, fulana ya bluu ya chuo, namba mgongoni, anakimbia kwenye kijia katikati ya mtama. Amepigwa kwa nyuma, uso hauonekani. "Nimetazama taarifa za picha yenyewe. Imepigwa mwaka jana."

Lori likapita. Bati zikalia. Wote wawili tukaendelea kutazama ule mgongo.

Wakabidhi wenzake walikuwa wamejadili kwa wiki nzima. Aliyeandika sana ni Nelson wa Arusha, ambaye zamani alikuwa mkimbiaji mwenyewe na hana huruma na wakimbiaji. Theodora alinisomea kwa sauti: "Wa pili kwa kanda, tena ya vyuo? Hao wapo mia. Hatuwezi kumfungulia ukurasa kila aliyebandikwa namba." Chini yake, siku iliyofuata, Nelson huyohuyo: "Nimeona magazeti. Kama mwanariadha hatoshi. Kama marehemu anatosha. Wekeni tarehe ya kufa, toeni mke na mtoto, tubaki naye."

Theodora alikuwa ameubandika ukurasa tangazo la kushuku uzushi. Aliyeuandika, anayejiita Mama Mogesi, alilibandua bila kubishana. Mahali pa kueleza sababu aliweka maneno machache: "Njooni mwone. Mbalibali, kwa Bibi Felista." Kwa kuwa Theodora ndiye mkabidhi wa karibu, wenzake walimwachia yeye aamue: abaki au afutwe.

"Huogopi?" nikamuuliza.

"Wafu siwaogopi. Naogopa walio hai wanaowaandikia." Alizima kompyuta. "Kikurya unakijua?"

"Kidogo."

"Kama kile cha Maswa? Haya, kesho twende."

*

Tulipanda mshikaki, yaani abiria wawili kwenye pikipiki moja, tukavuka daraja la Mto Mara kuingia Serengeti. Maji yalikuwa mekundu. Upande wa pili nchi inafunguka: mtama, mihogo, ng'ombe, kisha mtama tena. Dereva, mtu mzima mwenye koti la mvua ingawa hakukuwa na mvua, alitaka kujua tunakwenda kwa nani hasa.

"Kwa Godwin Mogesi," Theodora alisema kumjaribu. "Yule mkimbiaji."

"Aa," dereva akasema. "Mtamkuta jioni. Saa hizi huwa hayupo."

Theodora alinigeukia. Nilihisi mkono wake ukikaza kwenye mkanda wa begi langu, na haukulegea mpaka tuliposhuka.

Boma la Bibi Felista liko peke yake, mbali kidogo na barabara. Nyumba ya bati ya bibi mwenyewe, nyumba ya pili mpya yenye dirisha la kioo, zizi, na kijia kinachotoka langoni kikaingia kwenye mtama. Nilikitambua kile kijia. Kilikuwa kimekanyagwa hadi kikawa kigumu na cheupe, na kwa ukubwa wa boma lenye wanawake wawili na mtoto mmoja, kilikanyagwa kupita kiasi.

Aliyetupokea ni mwanamke wa miaka kama ishirini na mitano, mtoto mgongoni. "Mimi ndiye Beatrice. Mama Mogesi. Karibuni, mama amewangoja."

Bibi Felista alikuwa amekaa kivulini akichambua maharage. Mwembamba, masikio yake yametogwa kwa mtindo wa zamani, macho makali.

"Shikamoo bibi," tukasema.

"Marahaba. Nani kati yenu ni yule anayefuta watu?"

Theodora aliinua mkono kidogo. "Ni mimi, bibi."

"Nilifikiri utakuwa mkubwa zaidi." Akamtazama juu hadi chini. "Kaa. Mpeni uji kwanza, asije akatufuta na njaa."

Beatrice akacheka, nasi tukacheka, na kwa muda ikawa ziara ya kawaida. Uji wa mtama ulikuja kwenye vibuyu. Beatrice alimshusha mtoto, na niliona kwamba alimimina vibuyu vitano. Kimoja alikiweka kwenye kizingiti cha ile nyumba mpya, akakifunika na sahani. Pembeni ya kizingiti palikuwa na viatu vya kukimbilia, vya bluu, soli zimeliwa upande mmoja, na udongo wake ulikuwa mbichi.

Theodora naye aliviona. Akaweka kibuyu chini.

"Bibi, nitasema wazi. Nimesoma kwenye magazeti kwamba Godwin alifariki."

"Alifariki," Bibi Felista alijibu, bila kuacha kuchambua. "Kaburi lile pale, umelipita ukiingia. Nimelifagia asubuhi. Usinitazame kama mtu aliyechanganyikiwa, binti, nilimzika mwenyewe, na mikono hii ndiyo iliyomfunga kidevu."

"Sasa mke? Mtoto?"

"Mke ndiye huyu amekupa uji. Mtoto yule anavuta mkia wa mbuzi."

Nikajaribu kusaidia, kwa kuwa niliwahi kusikia habari hizi upande wa Tarime: mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akaoa mwanamke mwenzake, nyumba isife. Huiita nyumba ntobhu. Na yupo anayeoa kwa niaba ya mwana ambaye amekufa, au hata ambaye hakuzaliwa. Binti aliyeolewa hivyo anakuwa mkamwana kamili. Anaulizwa mume wako nani, anataja jina, na hakuna anayecheka.

"Usimweleze kama unamweleza mgonjwa," Bibi Felista alinikata. "Mimi nina mdomo. Sikiliza, binti. Godwin alikuwa mmoja tu. Nilitoa ng'ombe kwao Beatrice, kule Kisaka. Walikula, wakacheza ngoma, akaja. Ni mke wa Godwin. Watoto ni wa Godwin. Nyumba ile tumeijenga, ni ya Godwin. Sasa nyumba yenye mke na mtoto anayetambaa, utaiandikaje kwamba mwenyewe ameisha?"

"Na wewe, mama Mogesi?" Theodora akamgeukia Beatrice. "Ulimjua?"

"Sikuwahi kumwona. Nilikuja baadaye." Alisema hivyo kwa urahisi, kama mtu anayesema hakuwahi kufika Mwanza. "Lakini namjua sasa. Najua hapendi maharage. Najua akiwa na hasira hakemei, anakwenda kukimbia. Mama amenieleza yote. Nilipoona kwenye simu kwamba kuna kitabu cha watu wote, nikamwambia mama, tumwandike na baba Mogesi. Alipokimbia, mnaweka. Alipooa, je, msiweke?"

"Hapigi, halewi," Bibi Felista akaongeza. "Nani kati yenu ana mume wa namna hiyo?"

"Ee mama!" Beatrice akaficha uso.

"Si kweli? Na wako, binti mfutaji? Yuko wapi?"

Theodora alijibu jibu lake. "Yuko safari."

"Tangu lini?"

Bibi Felista aliacha kuchambua kwa mara ya kwanza. Alimtazama kwa muda mrefu, si kwa dhihaka, halafu akasukuma ungo wa maharage katikati yao, na Theodora, bila kuambiwa, akaanza kuchambua naye.

*

Jua lilipoanza kushuka, ng'ombe walirudi zizini. Ndipo nilipoona jambo ambalo bado hunijia nikiwa mbali, kwenye vituo vya mabasi vya nchi za watu. Ng'ombe waliinua vichwa wote kwa pamoja wakatazama upande wa mtama. Beatrice akamchukua mtoto. Bibi Felista akafunika maharage. Kisha zikaja hatua: nyepesi, za haraka, za mtu anayekimbia kwa mazoea, zikizunguka boma kwa nyuma. Vichwa vya ng'ombe vilizifuata, taratibu, kama vimefungwa kamba moja.

Nilitazama kizingitini. Viatu havikuwapo. Wala sikumwona aliyevichukua.

"Ni nani huyo?" Theodora alinong'ona.

"Baba Mogesi," Beatrice akasema.

Akatokea langoni. Fulana ya bluu, namba mgongoni. Mtu mrefu, umri wa Beatrice au zaidi kidogo, jasho likimtiririka. Alipita katikati yetu kama tunavyopita katikati ya miti. Aliketi kizingitini, akafunua kibuyu, akanywa uji wote.

Theodora alisimama. Ni mwanamke mwenye adabu, akafanya alichofundishwa. "Habari za jioni, kaka. Naitwa Theodora. Wewe unaitwa nani?"

Mtu yule hakuinua macho. Beatrice alitazama pembeni.

"Huyo haulizwi jina," Bibi Felista alisema polepole. "Jina analo kwao. Akiingia langoni hapa analiacha. Mimi ndiye niliyemchagua aje kwa mke wa Godwin, mimi ndiye niliyempa viatu na fulana. Mtoto akiuliza baba yangu ni nani, ataonyeshwa kaburi na ataonyeshwa ile nyumba. Hataonyeshwa huyu."

Mtu yule alivua viatu, akavipanga sawasawa pale vilipokuwa. Akavua fulana, akaitundika kwenye kamba. Kifua wazi, miguu mitupu, akaokota mzigo wa kuni uliokuwa umelala nje ya lango, akauweka jikoni, akatoka. Kwenye kijia alitembea kama mtu mwingine kabisa, mabega yameinama, akiburuza kidogo mguu mmoja. Dereva wetu alikuja kutuchukua, akapishana naye, nikamsikia akimsalimu kwa jina. Mtu yule akajibu kwa furaha, wakataniana kuhusu ng'ombe wa nani sijui. Nje ya lango alikuwa mtu tena.

Na fulana kwenye kamba iliendelea kuyumba, ingawa upepo haukuwapo. Huenda ni mkono wake uliokuwa umeigusa tu.

"Kwa hiyo picha ni yake," Theodora alisema.

"Picha ni ya Godwin," Beatrice alisema. "Nilipiga mwenyewe."

Theodora akachutama mbele ya Bibi Felista. Alimweleza yote bila kuficha: sheria za wakabidhi, Nelson, mashindano ya kanda ambayo hayatoshi. Kwamba ipo njia moja ya kumbakiza, ambayo ni kumwandika alivyokufa, na siku aliyokufa, na duara lililotitia, kwa kuwa hilo ndilo magazeti yalilolishika. Mke na mtoto hawataandikwa.

"Kwa hiyo mkimbiaji hamumtaki," Bibi Felista alisema. "Mnamtaka wa shimoni."

"Ndivyo ilivyo, bibi."

"Atakayefungua simu, hata akiwa Dar, hata Ulaya, atakuta Godwin ni yule wa shimoni. Na mjukuu wangu akijua kusoma atakuta hivyo."

"Ndiyo."

Bibi kizee alikamata mkono wa Theodora kwa nguvu. Niliona kucha zikizama.

"Basi mfute. Mfute kabisa, nakuomba. Hapa kwangu yupo. Ila kule usimwandikie mwisho."

*

Tulirudi Nyangoto usiku huo. Asubuhi nilipokwenda kuchukua kurasa zangu, Theodora alikuwa tayari kwenye kompyuta, na macho yake yalionyesha hakulala vizuri. Nelson alikuwa ameandika tena, akiuliza uamuzi uko wapi, na akitoa msaada wa kuweka tarehe ya kifo yeye mwenyewe kama Theodora ana shughuli nyingi.

"Nikichelewa ataiweka," alisema. "Akishaiweka, haitoki. Vyanzo vitatu, nani atabisha?"

Alisogeza kishale hadi kwenye neno la kufuta. Mfumo ukamtaka aeleze sababu. Huwa zipo sababu zilizozoeleka, za kuchagua tu: uzushi, tangazo la biashara, hakuna vyanzo. Alizipita zote. Akachagua ile wanayoitumia kwa vijana wanaoanza tu, ambao huenda siku moja watafika: bado ni mapema. Mhusika hajatimiza vigezo vya mwanariadha kwa sasa. Akitimiza, ukurasa urudishwe.

Akabonyeza. Ule mgongo wa bluu, mtama, kijia, vyote vikaondoka, pakabaki peupe.

Haikupita muda Nelson akaandika: "Mapema? Dada, si alikufa?"

Theodora alisoma, akafunga dirisha lile. Mteja alikuwa ameingia, mchimbaji mgeni mwenye matope hadi magotini, akitaka cheti chake kilaminishwe. Alikaa kwenye benchi, akatazama nyuma ya mlango.

"Kofia hii ya nani, mama? Unaiuza?"

"Ina mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Yuko safari."

Mashine ya laminesheni ilipokuwa inapata moto, Theodora alipanda juu ya kiti, akaishusha kofia. Aliifuta vumbi kwa kile kitambaa cha bluu cha picha, taa yake, mkanda wake, hadi ndani. Kisha akaitundika tena, lakini si kule juu. Aliiweka kwenye msumari wa chini, karibu kabisa na mlango, mahali ambapo mtu anayeingia kutoka njiani angeweza kuifikia bila kutafuta.